Anayetaka kukimbia kilomita 42 apewe muda wa kujiandaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie maandalizi ya watu wanaojisajili kukimbia marathoni kamili kwa mara ya kwanza, hasa hapa Mwanza na katika mikoa jirani ya Kanda ya Ziwa. Mimi ni mwalimu wa sekondari na ni mmoja wa viongozi wa kikundi cha joging upande wa Nyegezi, kwa hiyo ninaowafikiria ni wale ninaokutana nao barabarani alfajiri: wafanyabiashara, manesi, madereva, wanachuo na kina mama ambao hawajawahi kuwa wanariadha na hawana nia ya kushindana na mtu yeyote.

Hamasa ipo, na imeongezeka tangu Septemba 2025, Alphonce Simbu wa Singida alipotwaa dhahabu ya marathoni katika mashindano ya dunia ya riadha jijini Tokyo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2 dakika 9 na sekunde 48, ikabidi picha ya mstari wa kumalizia iamue, na tofauti ikaonekana kuwa sehemu tatu za mia za sekunde moja. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mtanzania kupata dhahabu katika mashindano hayo. Baada ya ushindi wa namna ile, kijana wa Igoma au mama wa Kirumba ana kila haki ya kusema, "Na mimi mwaka huu nakimbia." Nawaunga mkono kwa moyo wote. Ninachoomba ni kwamba wapewe muda, na wao wenyewe wajipe muda, kwa sababu namna tunavyowaingiza watu kwenye kilomita 42 hivi sasa si salama.

Mambo huenda hivi. Tangazo la mbio linatoka, fulana inaonyeshwa, ofisi inawatangazia wafanyakazi kwamba italipia ada ya ushiriki, na watu ambao hawajakimbia tangu walipomaliza shule wanachagua umbali siku hiyohiyo. Zimebaki wiki nne au tano. Anayechagua kilomita 5 au 10 atafika, pengine kwa kutembea hapa na pale, na ataondoka na hamu ya kurudi. Anayechagua 21 atateseka. Anayechagua 42 kwa sababu mkuu wa kitengo ametaka idara yake iwe na mtu kwenye kila umbali, huyo anapelekwa mahali ambapo mwili wake haujawahi kufika wala haujaonyeshwa njia, na kama atamaliza, wengi wa namna yake hawakimbii tena. Hili la pili ndilo linaloniuma zaidi. Tunawapoteza watu ambao wangeweza kukimbia kwa miaka mingi.

Sababu ya kudai miezi badala ya wiki imo ndani ya mwili wenyewe. Moyo na mapafu huitikia mazoezi mapema. Baada ya wiki chache tu mtu anaona pumzi imeongezeka, kilima cha Isamilo kilichokuwa kikimsimamisha katikati sasa anakipanda mpaka juu, na hapo ndipo anapoanza kuamini kwamba mwili mzima umekwenda sambamba na pumzi. Haujaenda. Kano zinazofunga misuli kwenye mifupa hupata damu kidogo kuliko misuli, na mifupa nayo hujijenga upya taratibu kila inapopokea kishindo cha hatua, hivyo viungo hivyo vinahitaji miezi ili viwe imara kwa kazi hiyo. Ndiyo maana maumivu ya mbele ya mguu chini ya goti, maumivu ya kano ya kisigino, ya wayo pale mtu anaposhuka kitandani asubuhi, na hata nyufa ndogo za mfupa, humpata mara nyingi mtu ambaye anajisikia vizuri, anayeongeza umbali kwa furaha, kwa kuwa hakuna kinachomwambia apunguze. Pumzi inamruhusu kufanya kile ambacho miguu haijawa tayari kukibeba.

Kwa maoni yangu, mtu anayeweza kukimbia kilomita 5 bila kusimama anahitaji miezi minne hadi mitano ya maandalizi kabla ya marathoni yake ya kwanza, na mtu anayeanzia kwenye kutembea anahitaji karibu mwaka mzima, akipitia kilomita 10 na kisha 21 kabla ya kugusa 42. Siku tatu au nne za kukimbia kwa wiki zinamtosha anayefanya kazi ya kutwa. Kati ya siku hizo, moja ni ya mbio ndefu, na kwa wengi wetu ni Jumamosi au Jumapili, na mbio hiyo huongezwa kidogo kidogo, kilomita moja au mbili kwa wiki, huku kila baada ya wiki tatu hivi umbali ukipunguzwa ili mwili upumue. Inatosha kufika kilomita 30 au 32 mara moja au mbili katika kipindi chote, na ya mwisho iwe wiki tatu kabla ya siku yenyewe. Hakuna haja ya kukimbia 42 mazoezini "ili kuhakikisha", kwa kuwa uchovu wake huchukua wiki kadhaa kutoka mwilini. Wiki mbili au tatu za mwisho ni za kupunguza, na hizo ndizo ngumu kuliko zote kwa anayeanza, maana humjia hofu kwamba anapoteza nguvu, akaongeza mazoezi pale ambapo angetakiwa kulala mapema.

Kuhusu kasi, sisi tuliosoma shule za msingi za nchi hii tuna kipimo ambacho hakihitaji saa ya mkononi. Katika mchakamchaka, kiongozi anaimba na wengine wanaitikia, na kundi zima linakwenda kwa mwendo ambao kila mtoto anaweza kuitikia. Mwendo huo ndio unaofaa kwa sehemu kubwa ya mazoezi ya marathoni. Kama kiongozi ameimba na wewe huwezi kuitikia, unakwenda mbio kuliko inavyotakiwa. Katika kikundi chetu tumerudisha nyimbo kwa sababu hiyo, na nimeona jinsi zinavyowazuia vijana wanaotaka kuonyesha ubavu kilomita tatu za mwanzo halafu wakarudi wamepanda bodaboda. Mwendo wa taratibu huujenga moyo na kuifundisha misuli kutumia mafuta ya mwili pamoja na sukari, na hilo lina umuhimu mkubwa, kama nitakavyoeleza.

Ninapozungumza hivi, wapo wanaonijibu kwa jina la John Stephen Akhwari. Wanasema Mtanzania yule alimaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 akiwa amefungwa bandeji gotini, saa moja na zaidi baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, kwa hiyo nia ndiyo inayotosha. Naliheshimu jina hilo kuliko wanavyodhani. Lakini Akhwari hakwenda Mexico bila maandalizi. Alikuwa mkimbiaji hodari aliyeumia kwa kuanguka katikati ya mbio, katika jiji lililo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na miaka miwili baadaye, mwaka 1970, alimaliza wa tano katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh. Miguu iliyomfikisha mwisho siku ile ilikuwa imeandaliwa kwa miaka. Si haki kulitumia jina lake kumhimiza karani wa miaka 45 avumilie maumivu ya kifua.

Na kama tunataka mfano wa karibu zaidi na ziwa letu, yupo Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita mkoani Mara. Alipata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, na ushindi wake wa marathoni ya Berlin ulikuja mwaka 1987 na tena 1988. Ilikuwa baada ya miaka mingi ya mbio za uwanjani ndipo akatawala kilomita 42. Bingwa wa kiwango kile alizifikia kwa hatua, na mimi na wewe tunataka kuzifikia kwa mwezi mmoja!

Sasa nije kwenye jiji letu, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokwama hata wakiwa na nia na ratiba nzuri. Mwanza ni mahali pazuri pa kujiandaa. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, asubuhi kuna ubaridi kutoka ziwani, na vilima tunavyo kila upande. Kwa anayelenga Kilimanjaro Marathon ya Moshi, ambako wakimbiaji wa umbali mrefu hukutana na mpando wa kuelekea Mweka wakiwa tayari wamechoka, njia za Bugando na Isamilo ni darasa la bure. Barabara ya kuzunguka Capri Point ina magari machache na inafaa kwa siku za mwendo mwepesi. Tatizo ni ile mbio ndefu ya mwisho wa wiki, ambayo haiwezi kuenea Capri Point bila mtu kuzunguka mpaka akachoka akili. Anayetaka kilomita 25 analazimika kuingia barabara kuu, ama ya kwenda Buhongwa na Usagara, ama ya Igoma na Kisesa, ama ya Makongoro kuelekea uwanja wa ndege, na huko atashindania ukingo wa lami na daladala, malori na bodaboda, nyingine zikiwa hazina taa.

Kuna jambo la kijiografia ambalo wageni hawalijui. Saa zetu ni zile za Dar es Salaam, lakini sisi tuko mbali magharibi, na jua hutuchomozea kama dakika 25 baada yao. Kutegemea mwezi, huku jua hutoka kati ya saa 12 na nusu na karibu saa 1 asubuhi. Anayetakiwa kuwa kazini saa 1 na nusu, au anayetaka kumaliza mbio ndefu kabla ya jua kali, hana budi kuanza gizani. Kwa mwanamume hilo ni usumbufu. Kwa mwanamke ni sababu ya kutosha ya kuacha kabisa, na katika kikundi chetu tumewapoteza kina dada hodari waliokuwa wakiishi mitaa ambayo hawakuweza kuivuka peke yao saa 11 alfajiri. Tumejaribu kupangana ili wawili wawili wapitiane majumbani, na inasaidia, ila haiwezi kuchukua nafasi ya taa za barabarani. Naziomba halmashauri zetu, Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela, zilitazame jambo hili kama la afya ya jamii. Barabara moja kwa kila upande wa mji, yenye taa zinazowaka mpaka kunapokucha na yenye njia ya waenda kwa miguu isiyogeuzwa maegesho, ingewafaa wakimbiaji, wanafunzi wanaowahi shule na mama ntilie wanaowahi kukoka moto.

Wakati tunasubiri hayo, naomba kila anayekimbia akumbuke kukaa upande wa kulia wa barabara, ayatazame magari yanayomjia, na avae kitu cheupe au kinachong'aa. Nimekuwa nikiwaona watu wameziba masikio yote mawili kwa muziki huku malori yakiwajia kwa nyuma. Tafadhalini sana.

Niseme pia kuhusu viatu, maana watu wengi huniambia kwamba marathoni ni ya wenye pesa kwa sababu ya bei ya raba mpya. Raba za mtumba za Mlango Mmoja zinafaa kabisa ikiwa mnunuzi ana subira ya kuzikagua. Zipange mbili juu ya meza iliyonyooka, uzitazame kwa nyuma ukiwa umeinama usawa wa kisigino. Kama moja imelalia upande, aliyeivaa mwanzo ameshaigeuza kuwa ya mguu wake na haitakubali mguu wako. Kisha bonyeza kwa dole gumba ile sehemu nyeupe iliyo kati ya soli na kiatu. Ikiwa ni ngumu kama ubao, au ina mikunjo midogo mingi isiyotanuka unapoachia, ule ulaini wa kupokea kishindo umekwisha, hata kama soli ya chini bado ina meno yote. Kunja kiatu, nacho kikunjike penye vidole, wala si katikati. Acha nafasi ya upana wa dole gumba mbele ya kidole kirefu, na uende kununua jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa shughuli za kutwa, kwa kuwa hivyo ndivyo utakavyokuwa kwenye kilomita ya 30. Viatu vya siku ya mbio viwe vimeshakimbiwa mbio ndefu kadhaa. Kiatu kipya siku hiyo huzaa malengelenge kabla hujafika nusu.

Chakula ndilo eneo ambalo sisi wa ziwani tuna utajiri tusioutumia. Mwili huhifadhi sukari yake, inayoitwa glaikojeni, kwenye misuli na kwenye ini, na akiba hiyo kwa watu wengi hukaribia kwisha karibu na kilomita ya 30 au zaidi kidogo. Hapo ndipo mtu aliyekuwa akienda vizuri anapohisi ghafla miguu imekuwa mizito, kichwa kimekuwa chepesi na hamu ya kuendelea imetoweka. Kinachoahirisha hali hiyo ni mambo matatu: mwendo wa taratibu tangu mwanzo, wanga wa kutosha siku mbili tatu kabla, na kula njiani kabla ya kuhisi njaa. Kwa siku za kabla, ugali, wali, ndizi na viazi vitamu vinatosha kabisa, pamoja na sato au dagaa kwa kiasi, ila usiku wa kuamkia mbio si wakati wa maharage mengi wala vyakula vyenye mafuta. Asubuhi, uji na viazi saa mbili au tatu kabla ya kuanza.

Njiani, wataalamu wa lishe ya michezo hushauri gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa, na ndizi mbivu moja ya kawaida ina gramu kama 25. Kwa wasioweza kununua zile pakiti za jeli zinazotoka nje, nawapendekezea matobolwa, yale ya Wasukuma, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa. Chagua vipande vyembamba, uvikate kabla viwe vya kutosha kutafunwa mara chache, uvifunge kwenye kimfuko, na uvile kimoja kimoja pamoja na maji. Ni vikavu, kwa hiyo anayevitia mdomoni bila maji atapaliwa, na anayesubiri mpaka kilomita ya 30 hatakuwa na mate ya kuvitafuna. Mimi hupenda kuanza navyo mapema, tumbo likiwa bado tulivu, kisha nimalizie kwa ndizi na maji yenye glukosi. Jambo la lazima ni kwamba kila kitakachotumika siku ya mbio kiwe kimeshajaribiwa kwenye mbio ndefu za mazoezi, kwa sababu tumbo nalo hufundishwa.

Maji yanahitaji uangalifu wa pande zote mbili. Wengi wameambiwa wanywe maji mengi iwezekanavyo, na kwa anayekimbia saa tano au sita, ushauri huo una hatari yake. Maji matupu yakizidi sana huizimua chumvi iliyo kwenye damu, na mtu huanza kuumwa kichwa, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, na hali ikiwa mbaya huweza kupoteza maisha. Dalili hizo hufanana na za kukaukiwa maji, na mtu wa pembeni mwenye huruma humwongezea maji yaleyale yanayomdhuru. Kunywa unapohisi kiu, kidogo kidogo, na uchanganye na kitu chenye chumvi na sukari.

Kuna desturi moja ambayo lazima niiseme kwa sababu ni ya kwetu hasa. Baada ya mbio ndefu, miguu ikiwaka, watu huteremka ufukweni wakaingia ziwani mpaka magotini ili kuipoza. Naelewa raha yake. Lakini maji ya kina kifupi penye majani, ambako konokono huishi, ndiyo yenye vijidudu vya kichocho, navyo hupenya kwenye ngozi katika dakika chache tu, hasa jua likiwa limepanda. Ndoo mbili za maji ya bomba nyumbani zinaipoza miguu vilevile. Na anayekwisha kuingia, au aliyekulia kwenye maji hayo, aende zahanati akapimwe, maana dawa ipo na kichocho kisichotibiwa humla mtu nguvu taratibu huku akidhani ni mazoezi yamemzidi. Hali kadhalika malaria. Mwenye homa asikimbie hata kilomita moja kwa hofu ya kuvuruga ratiba, na akishapona asianzie alipoishia bali arudi nyuma wiki mbili hivi. Kwa waliovuka miaka 40, wenye shinikizo la damu, kisukari au ndugu waliofariki ghafla kwa moyo, kipimo cha daktari kiwe cha kwanza kabla ya kulipa ada.

Naomba sasa niwageukie waandaaji wa mbio, bila kumtaja yeyote, kwa kuwa wanafanya kazi kubwa ambayo zamani haikuwepo. Mtu anayekimbia marathoni ya kwanza kwa mwendo wa dakika 8 kwa kilomita, mwendo ambao ni wa kawaida kwa anayeanza, atatumia saa 5 na dakika 37. Akianzishwa saa 1 asubuhi, na mara nyingi hotuba husogeza muda huo mbele, atamaliza saa 6 na dakika 37 mchana, wakati ambapo hapa Mwanza jua linakaribia utosini kabisa. Bingwa atakuwa amekwisha oga na kupewa hundi yake. Anayeumia kwa kuchelewa kuanza ni huyu wa mwisho, ambaye maandalizi yake ni haba kuliko ya wote. Mbio za kilomita 42 zianze saa 12 kamili, kilomita za mwanzo zipitie mitaa yenye taa, na mgeni rasmi atoe hotuba wakati wa kugawa zawadi. Vituo vya maji visiondolewe baada ya kundi la mbele kupita. Nimeshuhudia meza zikikunjwa huku watu wenye namba vifuani wakiwa bado wako njiani, na waliokuwa wamebaki ndio waliohitaji maji kuliko wote.

Njia nayo ipimwe kwa utaratibu unaokubalika na itangazwe mapema. Urefu wa marathoni ni kilomita 42 na mita 195, na upimaji rasmi hufanywa kwa baiskeli iliyowekewa kifaa maalumu, kisha huongezwa mita moja kwa kila elfu moja, yaani kama mita 42 kwa marathoni nzima, ili njia isije ikawa fupi. Anayeanza akijua miezi mitano kabla kwamba kilima kipo kilomita ya 35, atakwenda kufanya mazoezi ya kilima. Akiambiwa siku ya kuchukua namba, hana la kufanya.

Kwa waajiri, ombi langu ni dogo. Lipieni, lakini lipieni mapema, na mpange kwamba mfanyakazi hawezi kulipiwa kilomita 42 kama hajawahi kumaliza 21. Wala sioni ubaya waandaaji wakiweka sharti hilohilo kwa kila anayejisajili. Wapo watakaosema linawanyima watu uhuru. Mimi naona linampa mtu mwaka mmoja zaidi wa kukimbia, tena akiwa na medali ya nusu marathoni shingoni.

Kwako Mhariri, gazeti lako huchapisha habari za mbio zikishafanyika, na picha za washindi tunazifurahia. Ningeomba kila mwanzo wa mwaka, kwa kushirikiana na Riadha Tanzania na vyama vya riadha vya mikoa, mchapishe kalenda ya mbio zote za kilomita 21 na 42 zitakazofanyika Kanda ya Ziwa, zikiwa na tarehe, muda wa kuanza na njia zitakakopita. Kikundi chetu kiko tayari kuibandika kwenye mbao za matangazo Nyegezi, Mkuyuni na Butimba, na kumwonyesha kila anayekuja ni Jumatatu ipi anatakiwa kuanza.

Wako,
Mwalimu na mkimbiaji,
Nyegezi, Mwanza